Kabla vuli haijafika: kuandaa nyumba ya Mwanza dhidi ya magonjwa ya panya

Vuli ikianza Oktoba, maji yanayoteremka kwenye miamba ya Mabatini, Igogo na Isamilo hujaza mitaro na mashimo ya panya. Wanaosalimika wanakimbilia palipo pakavu, yaani ndani kwako. Kwa hiyo kazi hii imalizike Septemba. Ugonjwa tunaouhofia zaidi ni homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Bakteria wake hutoka na mkojo wa panya, huishi wiki kadhaa kwenye maji na udongo mbichi, na huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo.

Anza na kuziba, mtego baadaye. Ukitega huku matundu yako wazi, kila panya unayemuua anamwachia mwenzake nafasi. Zunguka nyumba mchana ukiwa na penseli: tundu linalopitisha penseli linamtosha panya mdogo. Kagua bomba la sinki linapotokea ukutani, nyaya za umeme zinapoingia, na hasa pale bati linapokutana na ukuta wa nyuma. Nyumba nyingi za mlimani zimeegemea jiwe, na panya hutoka kwenye jiwe akapanda moja kwa moja hadi kwenye kenchi. Shindilia tunduni waya wa chuma wa kusugulia sufuria, kisha funika kwa saruji. Matambara na udongo havifai, anavitoboa. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati, nafasi isizidi milimita 6. Matundu ya hewa yataka wavu wa chuma. Ule wa nailoni wa kuzuia mbu anautafuna.

Wanaohifadhi dagaa nyumbani wana kazi ya ziada. Gunia lisikae sakafuni wala kugusa ukuta: liweke juu ya chaga, sentimita 30 kutoka chini na 30 kutoka ukutani, upate pa kufagia na kuona kinyesi kipya mapema. Unga na mchele viwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Ndoo za maji zifunikwe pia.

Sasa tega. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo weka mtego na chambo cha dagaa bila kuutega kwa siku mbili tatu, ndipo uutege. Uegemeze ukutani, upande wa chambo ukielekea ukuta, maana hupita kandokando. Sumu hatuipendi: panya anafia darini, na paka au kuku akimla naye anadhurika.

Kinyesi kikavu usikifagie, vumbi lake ndilo unalovuta puani. Fungua madirisha nusu saa, vaa glovu, changanya kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vikombe sita vya maji baridi, lowesha, subiri dakika tano, kisha futa kwa karatasi na uitupe. Mchanganyiko uwe wa siku hiyohiyo, ukilala unapungua nguvu. Usiuchanganye na dawa nyingine ya choo.

Mtaro ukifurika, usiingie bila gambuti, na kidonda kifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji. Dalili za homa ya mgunda huanza mara nyingi siku 5 hadi 14 baadaye: homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, misuli ya miguu kuuma hasa kwenye vigimbi. Kipimo cha malaria kikionyesha huna, usirudi nyumbani na panadol tu. Mwambie daktari kwamba ulikanyaga maji ya mtaro au una panya ndani, kwa sababu dawa za antibayotiki husaidia zaidi zikianza mapema, kabla figo na ini havijaguswa.