Namna ya Kukimbiza Boti Penye Mawimbi ya Ziwa Victoria

Anayetaka kujifunza kukimbiza boti kwenye maji mapana, awe anafikiria mashindano au anataka tu kufika Ukerewe kabla upepo wa alasiri haujachachamaa, aelewe kwanza kwamba kasi penye mawimbi huamuliwa na mkono ulio kwenye wenzo wa mafuta, yaani mpini wa kuongeza na kupunguza mafuta ya injini, kuliko ukubwa wa injini. Katika mashindano ya boti za kasi baharini kazi hiyo ni nzito kiasi kwamba mara nyingi hugawanywa kwa watu wawili: mmoja hushika usukani, na mwingine hushughulikia mafuta peke yake, macho yake yakiwa kwenye wimbi linalofuata.

Kabla ya kuondoka mwaloni, funga kamba ya kuzimia injini kwenye paja lako, kwa sababu boti iliyomtupa nahodha wake huku injini inawaka huweza kuzunguka na kumrudia. Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa; kulikalia kama mto, kama wengi wetu tunavyofanya, hakumsaidii mtu aliyekwisha kuanguka majini. Petroli igawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia na la akiba.

Kumbuka pia kwamba ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa ya huku injini isiyo na chaja ya hewa (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ikiwa boti inakawia kunyanyuka juu ya maji, jaribu rafadha, yaani pangaboi, ambayo kila mzunguko wake huisogeza boti umbali mfupi zaidi, kabla ya kumlaumu fundi.

Sasa tuje kwenye wimbi lenyewe. Mawimbi ya ziwani ni mafupi, yamesimama, na yanafuatana kwa karibu, hivyo omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ikianguka kutoka wimbi la kwanza hukutana na la pili kabla haijainuka. Usiyakabili uso kwa uso; yakate kwa mshazari. Omo inapopanda, acha injini ivute. Karibu na kilele punguza mafuta kidogo ili boti isiruke. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikishatua, ongeza tena ili omo iinuke kulipokea wimbi linalokuja. Boti ikiruka licha ya hayo, sikio litakuambia: ngurumo ya injini hugeuka yowe, kwa kuwa rafadha inazunguka hewani bila mzigo. Rudisha wenzo papo hapo, kwani rafadha inayorudi majini kwa mzunguko wa juu kabisa huweza kuvunja gia. Hili halijifunzwi kwa kusoma, nami nilichukua muda mrefu kulizoea.

Mwili nao una kazi yake. Simama, magoti yakiwa yamelegea, kwa maana ukikaa uti wa mgongo ndio utakaopokea kila kishindo. Meno yafumbe, ulimi ukiwa ndani.

Umbo la boti linaweza kukupunguzia adha. Mwaka 1960 boti iitwayo Moppie, yenye tumbo la pembe kali kama herufi V lililobuniwa na Ray Hunt, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau penye bahari iliyochafuka, na tangu hapo tumbo la namna hiyo likaenea sana kwenye boti za kasi za baharini. Mwenye boti ya tumbo bapa hana budi kwenda polepole zaidi.

Mawimbi yanayokuja kwa nyuma hudanganya, maana safari huonekana laini. Kaa mgongoni mwa wimbi lililotangulia wala usilipite kwa pupa, usije ukazamisha omo kwenye bonde lililo mbele yake.

Ndani ya Ghuba ya Mwanza tazama magugu maji, maboya ya nyavu na mawe yaliyojificha chini ya maji. Mchirizi wa maji ya kupozea injini ukififia, simama na usafishe matundu ya kuvutia maji.

Anza mazoezi asubuhi, ghubani, wenzo wa mafuta ukiwa umefika nusu tu. Siku utakapopita mawimbi ishirini mfululizo bila injini kupiga yowe, sogeza wenzo mbele kidogo.