Hiyo ni Helvetica au Arial? Jinsi ya kuzitofautisha

Mteja anakwambia niwekee fonti (mtindo wa herufi) ya Helvetica, unafungua kompyuta ya Windows haipo, mkono unaenda wenyewe kwenye Arial na kazi inatoka hivohivo. Wengi hawashtuki ila mi nashtuka.

Andika "GARI tatu" kwa fonti zote mbili, kuza mpaka zijae skrini. Anza na t, kichwa chake kwenye Helvetica kimekatwa bapa, kwenye Arial kimekatwa mshazari kama mua uliopigwa panga. Afu R: mguu wa Helvetica unashuka karibu wima, wa Arial unatoka mshazari umenyooka tu. G ya Helvetica ina kisigino pale chini kulia, ya Arial haina. Herufi a ndogo ina kamkia mguuni kwenye Helvetica ya kawaida, ila kwenye bold (herufi nene) usiitegemee.

Usipime urefu wa mstari, utaambulia patupu, maana Arial ilichorwa 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya fonti ya Monotype ikiwa na upana uleule wa Helvetica makusudi kabisa, ili ukibadili fonti maneno yasihame. 1992 ikaja ndani ya Windows 3.1, basi ikasambaa.

Yenyewe Helvetica ni ya 1957, Münchenstein huko Uswisi, kiwanda cha herufi cha Haas. Bosi Eduard Hoffmann alitaka kitu cha kushindana na fonti ya Wajerumani, Akzidenz-Grotesk, Max Miedinger akachora. Jina la kwanza lilikuwa Neue Haas Grotesk (we jaribu kumtajia mteja hilo), 1960 ndo wakabadili, wakalitoa kwenye jina la Kilatini la Uswisi.

Kwa nini bado inapendwa? Herufi ndogo zake ni ndefu, na ncha za c, e na s zimekatwa sawa na mstari, kwahiyo neno linashikana kama tofali moja, ukiwa mbali unalisoma, ndo maana imejaa kwenye vibao vya treni za chini ya ardhi New York. Kwahiyo itumie kwenye kichwa kikubwa, bana nafasi kidogo kati ya herufi. Maandishi madogo ya simu achana nayo, kulekule ncha kujifunga kunafanya c na e zifanane.

Ukiwa na Mac imo tayari. Kama huna hela ya leseni shusha Nimbus Sans ya kampuni ya URW, inafanana na Helvetica na ni ya bure, afu rudia kile kipimo cha t.