Kugeuza Kontena Kuwa Duka au Ofisi Jijini Dar es Salaam

Wengi wakiona kontena kuukuu hudhani kwamba jengo limekwisha simama, na kwamba kilichobaki ni kutoboa dirisha na kupaka rangi. Kwa Dar es Salaam kazi kubwa ni mbili: kulizuia jua lisiligeuze kuwa tanuri, na kuizuia chumvi ya pwani isile chuma chake. Mengine ni mepesi, na mafundi wake wamejaa mitaani.

Anza na karatasi. Kontena huingia nchini kama chombo cha kubebea mizigo, si kama bidhaa, kwa hiyo mdai muuzaji hati zinazoonyesha kwamba ushuru wake wa forodha umelipwa TRA. Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri yako kuulizia kibali cha ujenzi. Asikudanganye mtu kwamba kontena halihitaji kibali kwa sababu linahamishika. Likikaa ndani ya hifadhi ya barabara litapigwa X kama kibanda kingine chochote.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, na la futi 40 lina mita 12.19, yote mawili yana upana wa mita 2.44. Kimo cha kawaida ni mita 2.59, lakini yapo yenye mita 2.90, na kwa maoni yangu hayo ndiyo ya kuongezea fedha, kwa kuwa dari itakayowekwa baadaye itapunguza nafasi ya kichwa. Unapolikagua, ingia ndani mchana, mwombe mwenzako afunge milango, kisha subiri macho yazoee giza: kila nukta ya mwanga utakayoiona ni tundu ambalo masika italipata. Chokonoa kwa bisibisi mihimili ya chini, mahali kutu huanzia. Soma pia kibao cha chuma kilichopigiliwa mlangoni, kwa kuwa huonyesha tarehe ya kutengenezwa na mara nyingi dawa ya wadudu iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Ili kuizuia dawa hiyo isikufikie, ipake sakafu rangi ya epoksi kabla ya kutandika kitu kingine juu yake.

Kabla lori la kreni halijaondoka yadi, pita njia yote ukitazama nyaya za umeme zilizolegea na kona za mitaa, hasa ikiwa kiwanja kiko ndani kabisa ya Mbagala au Kimara. Kontena hubeba uzito wake kwenye pembe nne, hivyo jenga nguzo fupi za zege chini ya kila pembe, ziinuke angalau sentimita 40 ili hewa ipite chini, na uzilinganishe kwa mpira wa maji. Nguzo moja ikipungua, milango itagoma kufunga. Lilaze kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri liangukie ncha zake fupi. Toboa madirisha yanayotazamana kwenye kuta ndefu, na kaskazi ikivuma itaingia upande mmoja na kutokea wa pili, kusi nayo vivyo hivyo kinyume chake.

Kuta zenye mikunjo nazo ni sehemu ya nguvu ya kontena, kwa hiyo usikate ukuta mzima bila kuweka mhimili mbadala. Chora tundu, kata kwa grenda badala ya gesi, ambayo hupinda bati, kisha chomelea fremu ya skwea paipu pande zote, kidogo hapa kidogo pale, ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Fundi avae barakoa, kwani rangi za zamani za makontena zinaweza kuwa na sumu.

Ukiwa na fedha za jambo moja tu, ziweke kwenye paa la pili. Simamisha kenchi nyepesi juu ya kingo za kontena, kamwe si katikati ya bati lake jembamba, uezeke mabati ukiacha uwazi wa sentimita 30 au zaidi, na yatokeze pembeni kiasi cha kuzitia kuta kivuli. Kiyoyozi bila paa hili ni kuchoma umeme wa LUKU bure. Ndani, funga fremu ya mbao zilizotiwa dawa, jaza pamba ya kioo na ufunike kwa jipsamu. Acha matundu ya hewa juu, kwa sababu usiku chuma hupoa na unyevu wa ndani hugeuka matone yanayodondoka kutoka darini.

Umeme usimwachie kishoka. Mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aunganishe mwili wa kontena na waya wa ardhini, aweke kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, na kila waya unaopita kwenye chuma uvishwe raba, kwani ukichubuka nyumba nzima inakuwa na umeme.

Kila kovu la kuchomelea lisuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla ya hewa ya bahari kuliwahi. Baada ya hapo kagua chini ya sakafu na maungio ya paa kila Februari, wakati bado pakavu na rangi inashika.