Gari likija kinyume kwenye Thika Road

Usiku, kwenye barabara kuu zenye ukuta katikati kama Thika Road ya Nairobi, kaa laini ya kushoto isipokuwa unapita gari jingine. Dereva aliyeingia kinyume hudhani yuko sawa, hivyo hushika kushoto kwake, na kushoto kwake ndiko kuliko na ukuta, yaani laini yako ya kasi. Mkiwa wote kwa 80 mnakaribiana kwa kilomita 160 kwa saa: mita 200 huisha kwa sekunde 4 na nusu. Ukiona taa zinakua mbele yako, toa mguu kwenye mafuta, sogea kushoto, mpigie taa na honi.

Ukigundua wewe ndiye umekosea (utaona migongo ya vibao vya barabarani), usijaribu kugeuza. Gari litakuwa limekingama barabarani mbele ya wanaokuja. Simama ukingo ulio karibu, washa taa za hazadi, abiria washuke na kukaa mbali na lami.

Kwa Kenya, kuua mtu kwa kuendesha kihatari ni hadi miaka 10 jela, chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki. Mwenye bodaboda anayekata mita chache kinyume kufika steji naye yumo akiua mtu.