Sensa ya EGR imechoka? Pima kwanza ndo ubadilishe

Wakuu habari za leo. Hii naandika kwa yeyote mwenye gari ya petroli iliyokula miaka na taa ya injini inawaka, inazima, inawaka tena, mana mimi nimehangaika nayo miezi kadhaa hapa Moshi. Mjini gari iko fresh kabisa, ila nikishapita Himo naanza kupanda Marangu, nikikanyaga mafuta injini inagonga tiki tiki tiki, nikiachia inaacha. Fundi akanambia valvu ya EGR imekufa, nikatoa hela nyingi nikanunua nyingine, wiki haijaisha taa imerudi palepale. Kumbe valvu ilikuwa nzima, kilichochoka ni sensa yake.

EGR kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini. Ule moshi hauungui tena, ila unapunguza joto ndani ya silinda, na joto likipungua gesi za sumu za naitrojeni nazo zinapungua. Sasa EGR isipofanya kazi joto linapanda, ndo mana gari inagonga kwenye mlima.

Sensa ziko za aina mbili. Nyingine imo ndani ya valvu yenyewe, inaangalia imefunguka kiasi gani. Nyingine, ambayo ndo naizungumzia hapa, imekaa pembeni na mipira miwili inayotoka kwenye bomba la EGR, utaikuta sana kwenye Ford za miaka ya 1990 mpaka mwanzoni mwa 2000. Kati ya ile mipira, ndani ya bomba kuna kitundu chembamba, sensa inalinganisha presha ya huku na ya kule alafu kontrolboksi (kompyuta ya injini) inajua moshi unapita kiasi gani.

Kabla hujanunua chochote kapime kwenye mashine ya kusoma code, yani namba za hitilafu za injini. P0401 maana yake moshi unaopita ni mdogo, na hiyo code peke yake haisemi sensa imekufa, inaweza kuwa masizi yameziba bomba au mpira umepasuka. P1400 na P1401 kwenye Ford ndo zinaelekea kwenye sensa yenyewe au waya zake. Alafu chukua maltimita. Soketi ina waya tatu, mmoja unaleta volti 5, mmoja ni ethi, mmoja ni signo, yani unaopeleka usomaji wa sensa. Washa swichi bila kuwasha injini, pima signo soketi ikiwa imechomekwa: sensa ya plastiki inatakiwa isome kama volti 1, ile ya bati ya zamani kama 0.5. Sasa washa injini iache kwenye silensa, yani bila kukanyaga mafuta, usomaji usibadilike. Usomaji ukipanda hapo, valvu inavujisha, usiilaumu sensa.

Ukishajiridhisha nunua mpya. Ya mtumba sishauri kabisa, nayo imeshapigwa na joto na unyevu miaka ileile kama yako. Nenda dukani na ya zamani mkononi, linganisha namba, soketi na unene wa nipeli, yani vile vichongo vya sensa vinapochomekwa mipira. Ikikosekana Moshi na Arusha, mtu wa Kariakoo anakutumia kwa basi, ila mwambie akupige picha ya namba kwanza.

Kazi yenyewe haizidi saa moja. Acha injini ipoe kabisa, nakazia hapo, bomba la EGR linabeba moto wa ekzosi na litakutoa ngozi. Toa temino ya negativu ya betri. Piga picha mipira ilivyokaa na uifunge selotepu yenye alama, mana ukiigeuza sensa inasoma kinyume. Bonyeza klipu ya soketi uitoe taratibu, usivute waya. Mipira usiivute moja kwa moja, izungushe kwanza kushoto kulia mpaka iachie, vile vibomba vya chini vya bomba la EGR inapochomekwa mipira ni vyembamba na vikiwa na kutu vinakatika, hapo kazi inakuwa ya kuchomelea. Nati ziko mbili, mara nyingi spana namba 8 au 10.

Yangu nilipoichomoa niliigeuza, yakadondoka matone ya maji meusi kwenye nipeli. Ule ndo ugonjwa wenyewe, moshi una mvuke, unapoa, maji yanakula sensa ndani. Na mpira mmoja ulikuwa mgumu kama kipande cha mti, nilipoukunja ukapasuka. Kwahiyo badilisha na mipira, tena weka ya silikoni inayovumilia joto, ile ya kawaida ya mafuta itayeyuka. Pitisha waya mwembamba kwenye vile vibomba utoe masizi.

Funga mpya, nati zishike tu usizikaze kwa hasira, ni plastiki. Rudisha soketi, mipira, temino, futa code kwenye mashine. Alafu usiitest mjini, ipeleke mlimani, mimi nilirudi Marangu, wa Arusha panda hata Ngaramtoni, kanyaga mafuta gia ya juu usikilize. Ukirudi nyumbani ikishapoa, fungua boneti uguse mipira yote miwili, kama kuna uliolegea weka klempu.