Kahawa za bei ya ajabu: kabla hujatoa hela, jaribu hivi

Kuna zile kahawa za bei ya kutisha, zile za kuokotwa kwenye kinyesi cha luwak (kamnyama ka porini), cha tembo au cha ndege, Geisha ambayo ni aina ya mti wa kahawa, Blue Mountain ya Jamaica, na mtu yeyote anayependa kahawa kuna siku atakutana na kapaketi kadogo kana maelezo marefu mgongoni aanze kujiuliza ninunue nisinunue. Jibu langu ni nunua, ila sio zote, na usiinywe ovyo ovyo, maana ukiikosea hela imeenda na hujajua hata ulikuwa unakunywa nini.

Anza kwa kuuliza bei inalipia nini, ladha au taabu ya kuipata? Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Chukua Black Ivory ya Thailand, tembo wanalishwa matunda ya kahawa alafu watu wanaokota buni kwenye kinyesi, na ili upate kilo 1 ya buni inabidi tembo wale kama kilo 33 za matunda kwa sababu nyingi zinatafunwa na zingine zinapotea huko majanini. Kwa hiyo ile bei ni ya zile kilo zilizopotea na kazi ya kuokota, haimaanishi kikombe kina utamu mara thelathini. Brazil nako kuna ndege anaitwa jacu, mchezo ni ule ule. Sisemi tumbo la mnyama halifanyi kitu, Massimo Marcone wa chuo kikuu cha Guelph kule Kanada aliichunguza ya luwak akakuta protini kwenye buni zimevunjwavunjwa, na protini hizo zina mchango wake kwenye uchungu. Lakini kupunguza uchungu hata wewe unaweza, chukua tu buni nzuri iliyokaangwa kwa wastani na usiichemshe kupita kiasi.

Geisha ni habari nyingine kabisa. Mbegu zake zilichukuliwa Ethiopia miaka ya 1930, zikapita Tanzania, zikafika Costa Rica na baadae Panama, na kule walizitaka kwa sababu ya ugonjwa wa kutu ya majani, wala hakuna aliyewaza ladha, tena mti wenyewe hauzai sana kwa hiyo wakulima wengi hawakuutaka. Mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda likaipeleka kwenye mashindano ya kahawa yanayoitwa Best of Panama ikiwa peke yake bila kuchanganywa, na majaji wakabaki wameduwaa. Yaani hapa bei imetoka kwenye kikombe. Mara ya kwanza nainywa nilidhani nimepewa chai, harufu kama maua ya yasmini, nyepesi, ina uchachu mtamu, na mpaka leo nikisikia mtu anasema kahawa zote ni sawa natamani nimtafutie kikombe kimoja tu cha hii. Kama hela yako inatosha kujaribu moja, basi iwe hii.

Kopi luwak, yaani hiyo kahawa ya luwak, mimi nasema acha, na hapa naomba nieleweke vizuri. Zamani huko Indonesia enzi za wakoloni wa Kiholanzi inasemekana vibarua walikatazwa kuchuma kahawa ya kunywa wenyewe, wakawa wanaokota zile buni alizoacha luwak, mnyama mdogo wa usiku wa jamii ya fungo, wanaziosha wanakaanga. Luwak wa porini anachagua tunda lililoiva vizuri na anakula vitu vingine vingi. Biashara ilipokua wakaanza kumkamata na kumfungia kwenye kibanda cha waya, anashindiliwa kahawa tu, anazunguka zunguka humo usiku kucha hadi anaumwa. Tony Wild, mfanyabiashara aliyeileta Uingereza mwaka 1991, yeye mwenyewe baadae aligeuka akaanza kampeni ya kuipinga, na mwaka 2013 BBC wakaonyesha kahawa ya luwak wa vibandani ikiuzwa kama ya porini. Wewe ukiwa na paketi mkononi huna namna ya kujua ni ipi, neno "porini" kwenye karatasi mtu yeyote anaweza kuliandika.

Zile zinazouzwa kwa jina la mahali, soma paketi taratibu. Hawaii kwa miaka mingi sheria iliruhusu paketi iandikwe mchanganyiko wa Kona, eneo la huko linalosifika kwa kahawa, hata kama Kona yenyewe ni asilimia 10 tu, na Blue Mountain ya Jamaica inaigizwa sana. Muuzaji wa kweli anakutajia shamba, aina ya mti, mwinuko na tarehe ya kukaangwa. Tarehe ikikosekana usinunue, na kama imeshasagwa ndo kabisa, harufu uliyoilipia ilishaondoka.

Nunua kiasi kidogo, gramu 100 zinatoa vikombe sita. Alafu kabla hujaifungua fanya mazoezi na kahawa yako ya kila siku: gramu 15 kwa maji mililita 250, upime kwa mzani sio kijiko, maji yakichemka subiri nusu dakika, saga muda huo huo, chuja kwa filta ya karatasi. Rudia mpaka vikombe viwili vifuatane vikiwa na ladha moja. Ukishafika hapo ndo fungua ile ya gharama. Usiweke sukari wala maziwa, na usiimalize ikiwa ya moto, ladha nyingi zinajitokeza ikishakuwa vuguvugu.

Sasa kipimo chenyewe. Tafuta kahawa nyingine nzuri ya bei ya kawaida iliyokaangwa karibu sawa na ile, umuombe mtu akumiminie vikombe vitatu vinavyofanana, viwili vya kahawa moja na kimoja cha nyingine, aweke alama chini ya vikombe wewe usione. Onja, mwambie kipi ni tofauti. Kubahatisha tu unapata mara 1 kati ya 3 kwa hiyo usiishie mara moja, mimina kidogo kidogo mrudie hata mara sita. Ukipata tano, basi kweli unaisikia. Ukipata mbili, umeshajua, rudi kwenye ile ya kawaida kwa amani. Na hata ukipata zote sita bado jiulize kikombe gani ulitaka kukimalizia, kwa sababu kutofautisha ni kitu kimoja na kuipenda ni kingine.

Ikibaki, usiiache kwenye paketi iliyo wazi. Igawe gramu 15 15 kwenye vimfuko visivyopitisha hewa uweke friza, siku ukiitaka toa kimoja usage hivyo hivyo ikiwa imeganda, na uliyoitoa usiirudishe.