Noti za rubli za Kirusi: tazama saini, si mwaka

Ukiuziwa noti ya rubli 1 "ya 1898", usikimbilie kulipa bei ya 1898. Mwaka ule ni wa toleo tu. Noti hiyo iliendelea kuchapwa kwa karibu miaka 20. Umri wake husomwa chini, kwenye saini ya meneja wa Benki ya Serikali: Плеске (Pleske) hadi 1903, kisha Тимашевъ (Timashev) hadi 1909, kisha Коншинъ (Konshin), na mwisho Шиповъ (Shipov) kuanzia 1914. Ya Шиповъ imejaa tele na haina thamani kubwa. Ya Плеске ndiyo ya kutafuta.

Halafu soma namba. Herufi mbili na tarakimu sita: uchapaji wa zamani. Herufi mbili na tarakimu chache tu, kama НБ-305, ni uchapaji wa baadaye, ingawa saini ni ileile ya Шиповъ. Hapo namba ni ya fungu zima, kwa hiyo noti mbili zenye namba moja si lazima ziwe bandia, wala si "kosa adimu" kama baadhi ya wauzaji wanavyodai.

Rubli 500 ya 1912, yenye picha ya Peter Mkuu, ni kubwa mno, upana wa sentimita 27 hivi, na wenyewe waliikunja. Imulike kwenye taa: tundu huanzia pale mikunjo inapokutana. Usiipige pasi, usiioshe, usiilaminishe. Selotepu ndiyo mbaya kuliko vyote, gundi yake huacha doa la njano lisilotoka.